Kisigino cha Ukoo

Shemeji yangu alipotokea na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, nilijua kuna jambo. Mimi ndivyo nilivyo: mtu akija mikono mitupu namkaribisha, akija na sukari naanza kujiuliza. Na huyu hakuwa amekanyaga kwangu tangu marehemu mume wangu, kaka yake, azikwe. Mtoto waliyenifukuza naye akiwa mgongoni, sasa ananyoa ndevu. Halafu mtu mzima anashuka kwenye bodaboda mchana kweupe, anavua kofia, anapiga hodi kama jirani aliyekuja kuomba moto.

Nilikuwa kwenye kijito chini ya nyumba, huku kwetu Irente, kando ya Lushoto, naosha karoti za mzigo wa kesho yake. Nilimwacha asimame. Akasalimia, nikaitikia. Akasalimia tena kwa Kishambaa, nikaitikia kwa Kiswahili ili ajue umbali uliopo kati yetu. Alikuwa amekonda, na alipumua kama mtu aliyepanda mlima kwa miguu, wakati mimi nilimwona kwa macho yangu pikipiki imemshusha pale mlangoni. Nikasema moyoni, hata pumzi anaigiza.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze watu hawa ni nani. Kwao ni upande wa Bumbuli, kwenye mashamba ya chai. Wana kitu wanachokiita kisigino cha ukoo. Wanaume wao wengi, wakifika umri wa kuoa, huota kinundu nyuma ya mguu, kwenye ule mshipa mgumu unaopanda kutoka kisigino. Hakiumi. Ukikibonyeza unahisi kama punje ya hindi imefichwa chini ya ngozi. Wengine huota pia kwenye vifundo vya vidole vya mikono, na wachache, wakikaribia miaka arobaini, mboni za macho yao huzungukwa na duara jeupe. Wenyewe wanajivunia. Husimulia kwamba babu wa mababu alipandisha milima hii kutoka bondeni amebeba jiwe la kusagia, hakulitua hata mara moja, na tangu hapo wajukuu wanazaliwa na alama ya mzigo ule ndani ya miguu, inangoja wakati wake tu.

Basi kijana wa kwao akitaka kukatiwa shamba, huitwa mbele ya wazee, anakalishwa kwenye kigoda, anavua viatu, na mzee mmoja anampapasa nyuma ya mguu. Kinundu kikiwepo wanacheka, wanampigapiga mabega, anapewa kipande chake. Kisipokuwepo anaambiwa angoje. Kuna waliongojeshwa mpaka wakachoka, wakashuka zao Tanga kutafuta kibarua. Na mama zao walijua kinachonong'onwa jikoni, kwamba huenda baba wa mtoto yule ni mwingine. Wasichana hawakupapaswa, maana wao ni wa kuolewa, shamba hawapewi.

Mume wangu alikuwa na vinundu vya kuwatosha watu wawili. Jioni nilikuwa nikivipaka mafuta ya nazi na kumtania kwamba nikipungukiwa maharage nitavivuna. Alikuwa mwembamba, mchapakazi, kitambi hana, nyama anaionja sikukuu mpaka sikukuu. Ndiyo maana sikuwahi kuwaza moyo. Moyo kwetu ni ugonjwa wa mabosi, watu wa viti vya kuzunguka na kuku wa kukaanga. Yeye alikuwa mtu wa makande na mboga. Siku aliyokufa nilimpelekea makande shambani. Mimi nilikuwa nimeshakula nyumbani. Alikula, akashika jembe, akasema kifua kinambana na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Akajilaza ubavu kwenye tuta la maharage. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Kabla yake alishatangulia baba yao, aliyeanguka katikati ya harusi ya watu, na kaka yao mkubwa, aliyeanguka akifunga ng'ombe. Kifo cha baba alibebeshwa mke mdogo. Kifo cha kaka alibebeshwa mkewe. Kifo cha mume wangu nikabebeshwa mimi. Kila kaburi la kwao lina mwanamke wake. Mama mkwe wangu wala hakuhitaji kwenda kwa mganga. Aliuliza tu chakula cha mwisho kilipikwa na nani.

Arobaini ilipopita niliambiwa nirudi kwetu. Hata eda sikuimalizia pale. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Nikiwa nimeshambeba, mama mkwe alisogea nyuma yangu, akamshika miguu, akabonyeza visigino vya mtoto wa mwaka mmoja. Anajua kabisa kwamba mtoto haoti kitu pale mpaka awe mtu mzima. Lakini alibonyeza, akawageukia wenzake, akasema, "Laini." Neno hilo moja tu. Nilitembea nalo mpaka Lushoto.

Na mimi, nisiwafiche, kwa miaka yote iliyofuata nilimpapasa mwanangu. Nikimwogesha napitisha kidole nyuma ya mguu. Akilala namfunua blanketi. Nilikitamani kile kinundu kama mwanamke asiyezaa anavyotamani mimba. Nilijiambia, kikitokea tu, nitamvalisha kandambili, nitampeleka Bumbuli, nitamwambia bibi yake bonyeza sasa. Alipokuwa kijana akaanza kunifukuza, mama acha bwana, una nini na miguu yangu. Hakikuota.

Sasa rudini kwa shemeji na sukari yake. Nilimkaribisha ndani kwa sababu adabu ni adabu. Nikachemsha chai. Kwetu milimani mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni ili kumtoa wasiwasi, na mimi tangu yanikute yale naonja hata maji ya kunawa. Kabla sijanyanyua kikombe changu, shemeji alikuwa ameshabeba chake na kukinywa nusu. Nilimkodolea macho. Nikajiuliza, huyu haogopi sumu yangu, au amekuja na kinga?

Akaanza kueleza. Mwaka uliopita alikuwa anachuma chai, kifua kikambana vilevile, mkono ukafa ganzi vilevile. Bahati yake, lilikuwa linapita gari la kubeba majani ya chai, likamkimbiza hospitali, na kutoka hapo akapelekwa Moshi kwa wataalamu. Wakamwambia mshipa unaolisha moyo umeziba. Daktari wa kule, kabla hajamaliza kumpima, alimfunua shuka miguuni, akamshika kisigino, akakibonyeza. Halafu akamuuliza baba yako alikufaje. Na kaka zako? Shemeji akasema pale kitandani alitaka kumwambia daktari kwa fahari kwamba hiyo ni alama ya ukoo, na daktari akamwambia ni mafuta. Mafuta ya kwenye damu, yamezidi tangu siku anazaliwa, yakikosa pa kwenda yanajikusanya kwenye mishipa ya miguu, na yanajikusanya kwenye mishipa ya moyo. Hayatokani na kula. Ni kitu kimeandikwa vingine kwenye damu ya baba, na baba akawapa watoto. Daktari alitaka kila mtoto wa damu ile apimwe, na mtaalamu angekuja huku milimani kwa kazi hiyo. Ndiyo maana shemeji amekuja.

Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Shemeji, wewe hukumuua kaka. Kilichomuua ninacho na mimi."

Maneno hayo niliyangoja miaka ishirini. Nilishayaota, nikayapangia na jibu. Yalipokuja sikuyaamini hata kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa na nyoka wa ukoo ule mzima. Nilianza kupiga hesabu. Shamba la marehemu liko kando ya barabara, na barabara ile sasa imepanuliwa, watu wanajenga maduka. Mwanangu ni mtu mzima, anaweza kwenda kudai. Na sasa wanataka damu yake. Nilimuuliza kipimo chenyewe kinaitwaje. Akasema kuna cha mafuta na kuna cha vinasaba.

Nilicheka kwa sauti. Vinasaba! Nani asiyejua vinasaba? Redio inavitaja kila siku: baba kakataa mtoto, wanapelekwa kupimwa vinasaba. Kwetu sisi kipimo hicho kina kazi moja tu. Kumbe ndiyo safari yenyewe, mama mkwe amechoka kubonyeza visigino, sasa anataka serikali imbonyezee. Nilimfungia shemeji sukari yake kwenye mfuko uleule, na majani ya chai juu yake, nikamsindikiza mpaka barabarani. Alijaribu kusema kitu, pumzi ikamkatikia. Nikamwambia awasalimie.

Mwanangu aliporudi jioni nilimsimulia nikitegemea tutacheka wote. Hakucheka. Yeye ni mbebaji. Anapandisha lumbesa za kabichi, magunia yaliyojazwa mpaka kupita mdomo, kutoka mabondeni hadi barabarani zinapopakiwa malori ya Dar. Ana mgongo kama mlango na kichwa kigumu cha baba yake. Aliniuliza, "Baba mdogo anafananaje?" Hilo tu ndilo alilolitaka kujua. Nikamwambia anafanana na mtu mwenye shida. Akasema anataka kwenda kupima. Nikamwambia akinyoosha mkono wake kwenye sindano ya watu wale asiniite mama. Tulinuniana siku kadhaa, tukipishana jikoni kama wapangaji.

Kilichonivunja si maneno. Ni mlima. Nilikuwa juu barabarani na karoti zangu, namwona anakuja na gunia kichwani, katikati ya mwinuko, na ghafla akalitua, akakaa juu yake, akaweka kiganja kifuani. Jamani. Sijui nilishukaje. Nilijiona nabingirika na mawe, kanga imebaki kwenye mti. Nilimkuta anacheka, alikuwa na simu kwenye mfuko wa shati, inatetemeka na kumtekenya, alitaka kuipokea. Nilimpiga makofi mgongoni, mtu mzima yule, mbele ya wenzake, kisha nikakaa kwenye majani nikalia. Kwa sababu pale katikati ya mlima nilikuwa nimeshajua kwamba sehemu yangu moja ilikuwa inamwamini shemeji tangu mwanzo. Mume wangu hakufa kwa makande. Nilikuwa najua nilichokipika.

Tukaenda basi. Lakini sikwenda kama kondoo. Nilimwambia mwanangu nitakaa karibu na sindano, nitaitazama chupa inakotoka na inakokwenda, na atakayeigusa bila kunieleza tutagombana. Hospitalini tukawakuta wote. Shemeji, mkewe, watoto wao watatu, wa kwanza binti wa miaka kumi na saba amevaa sare ya shule. Na kwenye benchi la mbali, peke yake, mama mkwe wangu. Amezeeka, amebaki mifupa na mtandio. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anamtazama mwanangu, na alianzia chini, kwenye viatu.

Nikapata uhakika. Mtu aliyekuja kuangalia ugonjwa haangalii viatu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa daktari wa kike, kijana, mpole, na mimi watu wapole huwapa macho mara mbili. Nilimsimamia kweli. Alipotoa damu ya mwanangu nilimuuliza chupa hii inakwenda wapi, kwa nini ziko mbili, kwa nini kifuniko hiki kina rangi nyingine. Alinijibu yote. Moja inapimwa mafuta hapahapa, nyingine inapelekwa mbali kuangaliwa vinasaba, majibu yatakuja pamoja baada ya wiki kadhaa. Nikamwambia achukue na yangu. Akasema haihitajiki. Nikamwambia mimi ndiye ninayetuhumiwa hapa, kwa hiyo achukue. Aliweka sindano chini, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akaniuliza natuhumiwa nini.

Nilimweleza. Sikutarajia kumweleza, ila alikuwa ameuliza. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza wala kutikisa kichwa kwa huruma, jambo ambalo lingeniudhi. Akasema kipimo hiki hakitafuti baba wa mtu. Kinatafuta kitu kimoja tu. Kila mtu, akasema, amebeba mbegu mbili za kila jambo, moja ya mama na moja ya baba. Mume wangu huenda alikuwa na mbegu mbili za kazi ya kusafisha mafuta kwenye damu, moja nzima na moja mbovu. Akizaa, anampa mtoto moja kati ya hizo mbili, na hachagui. Ni kama kutia mkono gizani kwenye mfuko wenye maharage mawili ukatoa moja. Mtoto mmoja anaweza kupata mbovu, mdogo wake akapata nzima, na wote ni wa baba mmoja.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, asiye nayo si mtoto wa haramu? Akasema hapana mama, ni mtoto mwenye bahati. Nikamuuliza tena, polepole, kama mume wangu hakulishwa sumu. Akasema, "Marehemu siwezi kumpima. Ila kwa visigino ulivyonieleza na vifo hivyo vitatu, mimi sioni sumu."

Nilitaka kumbusu mkono. Badala yake nikamuuliza kama maneno hayo anaweza kuyasema tena mbele ya yule bibi kwenye benchi. Akatoka, akayasema, maharage na mfuko na yote. Mama mkwe alisikiliza ameinamisha uso. Alipomaliza, yule bibi aliuliza jambo moja tu kwa Kishambaa, shemeji akalitafsiri: majibu yanatoka lini.

Nikaona hakusikia hata neno. Au alisikia na akakataa, na nikifikiri vizuri sishangai. Akikubali kwamba ni damu, basi wanawake wote aliowafukuza walikuwa hawana kosa, na mume wake aliyempenda ndiye aliyewapa wanawe kifo bila kujua. Nani atalala usingizi na jambo kama hilo? Sumu ni nyepesi zaidi. Sumu ina mwenyewe.

Wiki za kungoja zilikuwa mbaya, na si kwa sababu mnayodhani. Niliogopa kwamba mwanangu anayo. Na niliogopa kwamba hana. Naona aibu kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa: akiwa nayo, jina langu limesafishwa, mtoto ni wao bila ubishi, shamba atapewa, na bibi yule atanitazama usoni. Akiwa hana, najua kitakachosemwa. Naamka asubuhi namwombea mwanangu damu safi, nikiteka maji najikuta natamani chafu kidogo, nashtuka, naomba toba. Nilimchukia mama mkwe kwa hilo kuliko kwa kunifukuza. Alikuwa amenifanya nimtamanie mtoto wangu maradhi.

Mwanangu yeye alikuwa akienda Bumbuli. Tangu siku ile ya kupima aliniaga kila Jumapili, anakwenda kumsaidia baba yake mdogo kupogoa chai kwa kuwa mwenyewe hawezi tena. Sikumzuia. Nilimuuliza tu wanampa chakula gani na nani anaonja. Alinijibu kwamba baba mdogo anakula sahani moja naye. Hilo nililiweka kando, nikisema, hata mwizi hula na mwenye nyumba kabla ya kuiba.

Siku ya majibu daktari alituita familia kwa familia. Niliingia na mwanangu, nimemshika mkono kama anakwenda kuanza darasa la kwanza. Daktari alitabasamu kabla hajaongea. Mafuta yake ni ya kawaida na ile mbegu mbovu hana. Hana kabisa, na watoto wake hawatairithi kwake. Mwanangu alisema asante. Mimi nilisema alhamdulillahi, na nataka mniamini kwamba ile sauti ilitoka nzima, kwa sababu nilipomwona mtoto ameshusha mabega, yale mengine yote yaliondoka, jina na shamba na bibi. Ataishi. Nilimpapasa kichwa, nikacheka, nikatoka nje nimesimama wima.

Nje tulimkuta mama mkwe kwenye benchi lake. Shemeji na familia yake ndio walioingia baada yetu, kwa hiyo tulikaa sisi watatu. Alimuuliza mwanangu ameambiwaje. Mwanangu, masikini, hana ujanja, akamjibu kwa furaha kwamba hana kitu, ni mzima. Bibi akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anamalizia mazungumzo aliyoyaanza siku nyingi. Niliwaza, ngoja, atangoja watu wawe wengi.

Alingoja kweli. Mlango ulifunguka, akatoka mke wa shemeji amewashika wale wadogo wawili, kisha shemeji, kisha binti yao wa shule akiwa na pakiti ya vidonge mkononi. Hatukuhitaji kuuliza. Wadogo walikuwa wamesalimika. Huyu, ambaye hakuna mzee aliyewahi kumpapasa mguu kwa kuwa ni msichana, ndiye aliyekuwa nayo. Alikuwa haelewi bado. Alikuwa anasoma maandishi kwenye pakiti na kumuuliza baba yake kama ni za kumeza kabla ya chakula au baada.

Ndipo mama mkwe akasimama. Akanyoosha kidole, si kwangu, kwa mwanangu, na akasema kwa Kiswahili ili kila mtu kwenye foleni aelewe. "Mmesikia wenyewe. Mjukuu wangu huyu wa kike anayo. Yule hana. Yule si wetu."

Nilihisi mwanangu anakakamaa pembeni yangu. Zile Jumapili zote za kupogoa chai. Nilifungua mdomo, jibu nilikuwa nalo, nililinoa miaka ishirini, lingemkata yule mwanamke mpaka mfupa. Lakini shemeji alitangulia. Hakupaza sauti, hakuwa na pumzi ya kupaza.

"Mama," akasema, na akamwekea binti yake mkono begani, "laiti na huyu wangu asingekuwa wetu."

Bibi alimtazama mwanawe, akamtazama binti, akatazama ile pakiti. Akakaa. Hakuna aliyemkalisha, alikaa mwenyewe, na mtandio ukamwangukia mabegani asiuinue.

Mimi nilikuwa namtazama shemeji. Tangu siku ya sukari nilikuwa nautafuta uongo wake, kwenye pumzi, kwenye kikombe cha chai, kwenye sahani aliyokula na mwanangu, nikiwa na hakika upo mahali nitaukuta tu. Mtu hawezi kusema maneno yale kwa hila. Nilijisogeza kwenye benchi, nikamwambia binti aje akae kati yangu na mwanangu, nikamuuliza baba yake hizo dawa, zikiisha, zinapatikana wapi.